Msafiri Aliyetapeliwa Asifiche Uso

Desemba iliyopita mpwa wangu alimchukua mkewe, watoto wao watatu na mama mkwe, wakapanda treni ya Madaraka Nairobi, wakashuka Miritini, wakavuka feri na kushika njia ya Diani. Kwangu ni Likoni. Walipita karibu na mlango wangu bila kubisha hodi, kwa kuwa walitaka kwanza wafike kwenye nyumba waliyoikodi, watue mizigo, kisha wanipigie simu nije nile nao samaki kando ya bwawa la kuogelea.

Nyumba waliikuta. Paa la makuti, ukuta mweupe, mbuyu mkubwa uani, vyote vilikuwa vile vile vya kwenye picha. Aliyekosekana ni mtu aliyewapangisha. Mlinzi aliwasikiliza kwa upole, akausoma ujumbe kwenye simu ya mpwa wangu, akatikisa kichwa. Ndani mlikuwa na wageni wa mwenye nyumba tangu wiki iliyotangulia. "Nyinyi ni wa nne tangu mwezi uingie," akawaambia. Shilingi 72,000 zilikuwa zimekwisha kwenda: nusu ilitumwa Oktoba kuwa arbuni, nusu ilitumwa jana yake, eti mpishi anataka kuwahi soko la samaki.

Usiku ule walilala gesti moja ya Ukunda, watu sita chumba kimoja, na kulipokucha wakaanza safari ya kurudi. Walipita tena karibu na mlango wangu, wakavuka feri ile ile. Sikujua lolote mpaka Pasaka, walipokuja kunitazama, na kitinda mimba wao akaniuliza kwa nini nyumba za Pwani mageti yake hayafunguki.

"Mbona hukunipigia, na mimi niko hapa hapa?" nikamuuliza baba yake.

"Niliona haya, mjomba."

Ndugu wasomaji, fedha zile zimekwenda na huenda zisirudi. Ninayotaka tuizungumze ni haya ile. Baba mzima, mwenye kazi yake na akili zake, anaona afadhali watoto wake walale wamebanana chumbani kuliko kumwambia mjomba wake kwamba amelizwa. Nasema kwa yakini kwamba haya hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Picha huziiba bure, laini ya simu huipata kwa bei ndogo. Kinachomwezesha kuila familia ya kwanza leo na ya pili kesho kwa nyumba ile ile ni kwamba ya kwanza imenyamaza.

Tuutazame ufundi wake, maana wengi tunamcheka aliyeliwa bila kujua alivyoliwa. Tapeli wa nyumba za likizo hachukui picha za kasri. Huchukua za nyumba ya wastani, ambayo mtu wa kipato cha kati akichanga na shemeji zake anaiweza. Bei yake haiwi ya kutupa. Hupunguza kidogo tu kuliko jirani, kiasi cha mnunuzi kujiona amebahatika. Ukimpigia anapokea, ana lafudhi nzuri, anakuuliza umri wa watoto ili aweke vitanda. Kisha inakuja haraka: kuna watu wawili wengine wanaiulizia, ukituma arbuni kabla ya saa kumi nitakushikia. Hapo ndipo mtu huacha kupima. Mtandao wa simu wenyewe humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha, naye huona jina la mtu binafsi asiyehusiana na nyumba wala kampuni yoyote. Lakini saa kumi inakaribia na watoto wameshaahidiwa bahari. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tunauziwa mlango peke yake, na tunaulipia kabla ya kuugusa.

Nitakosa uadilifu nikimlaumu tapeli peke yake na kuwaacha wafanyabiashara halali wa ufukweni, ambao ni watu wetu na wana leseni ukutani. Wao hawaibi, ila wamelizoesha jicho la mgeni kudanganywa. Chukueni pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Bwejuu na Jambiani. Siku za bamvua maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana, ukabaki uwanda wa mchanga na vidimbwi, akina mama wakihudumia mashamba yao ya mwani na wengine wakisaka pweza kwenye mawe. Ni mandhari adhimu, na ni riziki ya vijiji vile. Lakini itafuteni katika matangazo, hamtaiona. Mtaona maji ya samawati yamejaa mpaka kwenye ngazi, na maneno ya kumwahidi mgeni kuogelea saa zote. Mgeni huja na nguo zake za kuogelea, akasimama saa sita mchana mbele ya bahari iliyoondoka, akahisi amedhulumiwa. Na hakika amedhulumiwa kidogo, ingawa aliyemdhulumu angeweza kumweleza kupwa na kujaa kwa sentensi moja na mgeni akaja vile vile. Tazameni pia anayeahidi jua mwaka mzima, akiuza vyumba vya Aprili na Mei wakati masika inamwaga, na anayeandika "hatua chache kutoka baharini" huku kati yake na bahari kuna barabara na viwanja vya watu wawili. Mtu akisomeshwa miaka mingi kwamba uongo wa picha ni desturi ya biashara hii, atamtambuaje mwongo kamili akija na picha nzuri kama hizo hizo?

Nawaomba wenye hoteli: wekeni picha ya maji yaliyokupwa kando ya picha ya maji yaliyojaa, na chini yake mwandike saa. Mgeni atakayekuja baada ya kuiona hiyo atarudi tena.

Sasa nirudi kwenye haya, maana wapo watakaosema kwamba kutapeliwa ni adhabu ya tamaa. Mwaka 2017 dunia nzima ilisema hivyo. Kijana mmoja wa Marekani, Billy McFarland, alitangaza tamasha la Fyre katika visiwa vya Bahamas. Wanamitindo mashuhuri walipigwa filamu wakicheza ufukweni, watu wakaahidiwa nyumba za fahari na chakula cha wapishi hodari, na wengine wakalipa maelfu ya dola. Mwisho wa Aprili walipotua Great Exuma walikuta mahema ya aina wanayogawiwa wahanga wa maafa, magodoro yameloa mvua, na mkate wenye vipande vya jibini ndani ya kijisanduku. Picha ya mkate ule ilizunguka ulimwengu na ulimwengu ukaangua kicheko. Ni watoto wa matajiri, wakasema watu, wamekoma.

Kicheko kile kilikuwa na gharama yake. Kisiwani palikuwa na mama mwenye mkahawa, mwenyeji wa pale pale, aliyewapikia wafanyakazi wa tamasha usiku na mchana. Hakulipwa. Akatoa akiba yake ipatayo dola 50,000 kuwalipa aliowaajiri, na watu wengi hawakumjua mpaka mwaka 2019, filamu kuhusu mkasa ule ilipotolewa, ndipo wakamchangia. Na McFarland je? Akiwa nje kwa dhamana alianza kuuza tiketi nyingine za uongo, na baadhi ya aliowaendea aliwatoa kwenye orodha ile ile ya wateja wa tamasha. Oktoba 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Mwizi aliendelea kuuza huku sisi tunamcheka aliyeibiwa.

Nami nauliza, tamaa ni nini? Mtu anayetaka kuinunua haki ya mwenzake kwa bei ya kutupa, huyo ana tamaa. Lakini baba anayehesabu mshahara wake ili watoto wake waijue bahari, akachagua nyumba iliyo nafuu kidogo kuliko nyingine, huyo amefanya lile ambalo kila mama hulifanya akizunguka meza za nyanya sokoni. Tukiliita hilo tamaa, tutakuwa tumemsaidia tapeli kumfunga mdomo.

Na haya ikimshika mtu sawasawa, humfikisha pabaya kuliko kunyamaza. Humfanya amtetee aliyemwibia. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Mskoti mmoja, Gregor MacGregor, aliyekuwa amepigana vita vya uhuru wa Venezuela, alifika London akajiita mtawala wa nchi ya Poyais katika Amerika ya Kati. Mwaka 1822 kilitoka kitabu cha kurasa zaidi ya 350 kuisifu nchi hiyo, rutuba yake, hewa yake, mji wake mkuu wenye kanisa kuu, benki na nyumba ya opera. Akauza ardhi yake kwa eka, akawauzia hati za mkopo wenye fedha, akawabadilishia wasafiri pauni zao kwa noti za Poyais alizozichapisha Scotland. Watu wapatao 250 walisafiri kwa merikebu mbili. Walikuta msitu. Homa iliwaingia, na zaidi ya nusu yao walikufa.

Wachache kati ya waliosalia walirudi London mwaka 1823, magazeti yakapaza sauti. Sasa sikieni: baadhi yao walitia saini tamko la kumtetea MacGregor, wakasema makosa ni ya wasaidizi wake. Mmoja wao, mpasua mbao, alikuwa amefiwa na watoto wawili kule. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kumwita MacGregor mwongo kungemlazimu baba yule kukiri kwamba aliwapakia wanawe merikebuni kwa maneno ya mwongo. Uchungu huo ulimshinda, akaona heri amuamini bado. MacGregor hakwenda kujificha kwa toba. Alivuka hadi Ufaransa akaanza kuiuza Poyais upya. Mwaka 1845 alifariki Caracas, akila pensheni ya jenerali.

Basi natoa nasaha yangu bila kuuma maneno. Wewe uliyetapeliwa, sema. Sema kazini, msikitini, kanisani, kwenye chama. Hifadhi ujumbe ulioandikiwa, namba uliyotumia fedha na jina lililotokea, uvipeleke polisi upewe namba ya kitabu cha matukio. Nchini Kenya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaja wazi mwenye kujipatia mali kwa udanganyifu, na kifungo chake hufika miaka mitatu. Ila kifungu hakiamki chenyewe kitandani, kinataka mlalamikaji. Najua wapo askari wanaomcheka anayekwenda na shtaka la namna hii, wakamuuliza kwani hakuwa na macho. Afisa wa namna hiyo ajue kwamba anamfanyia tapeli kazi bila ujira.

Wewe uliye ndugu wa aliyeliwa, lile swali la "ulikuwa huoni?" lizuie. Ulimi ukikuwasha, uliza "amekuandikia kwa namba gani?"

Wewe unayejiandaa kusafiri, kumbuka kwamba Pwani karibu kila mtu ana mtu wake. Kama huna mjomba Likoni, una mfanyakazi mwenzako ambaye shangazi yake yuko Msambweni au Kilifi. Muombe aende akagonge geti. Muombe anayekupangisha awashe kamera akuonyeshe ua mnapozungumza, na uulize leseni. Kenya ina Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Utalii. Mwenye nyumba halali haoni tusi kuulizwa.

Na nyinyi wenye nyumba ambazo picha zenu zinaibwa, msiseme halinihusu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa, na wanaopona kwa mgeni ni wengi: msafishaji wa vyumba, muuza madafu, kijana wa bodaboda, mama wa mahamri na mbaazi asubuhi. Familia ikirudi Nairobi kutoka getini kwenu, hao wote wamekosa. Wekeni tangazo langoni na mtandaoni, mtaje namba yenu ya kweli, na kila anayefika amedanganywa mwandikisheni, mumpe maji, mumsindikize kituoni.

Jumanne baada ya Pasaka nilikwenda Diani na mpwa wangu. Kuandikisha taarifa kulituchukua saa mbili, na afisa aliyetupokea, nashukuru, hakucheka. Akauliza kama kuna wengine waliotapeliwa kwa nyumba hiyo. Tukaenda kumuuliza yule mlinzi. Alikuwa na daftari la shule ambamo, kwa hiari yake, aliandika tarehe na namba ya gari au simu ya kila aliyefika akamrudisha. Familia tatu za kwanza zilikuwamo, na ya mpwa wangu ikafuata. Hakuna aliyepata kuja kumuuliza habari zao. Kisha akafungua ukurasa wa pili. Wa tano walifika tarehe 30 Desemba, saa tatu usiku, wana mtoto mchanga.