Mshona kofia naye ni mwajiriwa

Kofia ya viua haitoki kiwandani. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, kisha kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja baada ya kingine, hadi kofia nzima ijae. Kazi hii hufanyika majumbani Lamu, Mombasa na Unguja, aghalabu na wanawake, katikati ya kupika na kulea. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi, nyingine miezi. Anayeishona hulipwa kwa kofia, si kwa saa, na hapo ndipo dhuluma inapopata mlango.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 18, inasema anayelipwa kwa kipande alipwe mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi aliyokwisha kuifanya, au siku anapoimaliza, lolote litakalotangulia. Kwa maneno mengine, mama aliyefika nusu ya kofia mwezi unapokwisha ana haki ya malipo ya nusu hiyo. Lakini haki hiyo ni ya mwajiriwa. Tajiri anayeleta kitambaa na nyuzi, akachagua nakshi na kupanga bei, hujiita mnunuzi tu, na mambo yakaishia hapo.

Tanzania Bara imeliziba tundu hilo vizuri zaidi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, au amepewa naye vifaa vya kazi. Sharti moja tu linatosha. Unguja, yenye sheria yake ya ajira, haiguswi na kifungu hicho.

Wapo wanaohofia kwamba serikali ikiingia, kazi yenyewe itakufa. Hofu hiyo isipuuzwe. Marekani, katika miaka ya 1940, ilipiga marufuku kazi za kupeleka nyumbani katika fani saba, udarizi ukiwemo, kwa sababu kima cha chini cha mshahara kilikuwa hakisimamiki ndani ya nyumba za watu. Walioruhusiwa walikuwa wachache wenye vibali, kama wazee na walemavu. Marufuku ya udarizi iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980. Njia hiyo haifai pwani yetu: mama mwenye watoto wadogo akikatazwa kushonea nyumbani, hakupata ulinzi, amepoteza riziki.

Njia ya haki ni kuitambua kazi palepale inapofanyika. Jimbo la Sindh nchini Pakistan lilitunga mwaka 2018 sheria ya wafanyakazi wanaofanyia kazi majumbani mwao. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 177 wa mwaka 1996, unaotaka wafanyakazi hao watendewe sawa na wengine, ujira ukiwemo. Si Kenya wala Tanzania iliyouridhia.

Serikali zote mbili ziuridhie. Wakati huo huo, maofisa wa kazi wamtake kila anayegawa vitambaa awe na daftari: jina la mshonaji, bei waliyokubaliana kabla ya sindano kuanza, na tarehe ya malipo. Hilo halihitaji sheria mpya bungeni wala kibali kwa mshonaji, na linaweza kuanzia Lamu mwaka huu.