Masomo ya Sanaa na Marejesho ya Mbagala

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Omari Mwinyikondo

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa na wakati wa kuchagua tahasusi ukawadia, katika nyumba nyingi za Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala hupita huzuni ambayo aghalabu haisemwi kwa sauti: mtoto aliyefanya vizuri katika Historia, Kiswahili na Kiingereza huambiwa na wazazi wanaompenda kwa dhati kwamba HKL haina kazi, na kwamba kama hesabu zimemshinda basi heri akajifunze ufundi utakaomwingizia chochote. Siwalaumu wazazi hao, maana wameona kwa macho yao vijana wenye shahada wakiendesha bodaboda, na wameona mhitimu aliyebahatika kuajiriwa akikatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa deni la Bodi ya Mikopo. Lakini nasema kwa yakini kuwa hasara inayozila nyumba zizi hizi usiku na mchana haikuletwa na historia wala fasihi, bali imeletwa na kukosekana kwake.

Tazama mkopo ambao watu wenyewe wameupa jina la kausha damu. Mama mwenye genge la mboga Mbagala, au mama lishe wa Tandika, hupokea, tuseme, shilingi 100,000 asubuhi, pasipo barua ya mwajiri wala hati ya nyumba, naye hutakiwa kurejesha shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26, ndiyo kusema shilingi 130,000. Huambiwa kuwa riba ni asilimia 30, na kauli hiyo ina nusu ya ukweli tu. Kwani fedha ile haikai mkononi mwake muda wote huo, bali huanza kurudi kesho yake, na ifikapo katikati ya muda nusu yake imekwisha kurudi ilhali riba ingali inahesabiwa juu ya laki nzima, hata ukipiga wastani utaona kuwa mama yule alikaa na kiasi cha nusu laki hivi, na kwa nusu laki hiyo amelipa 30,000 kabla mwezi haujaisha. Mtoto akiugua, au mvua ikinyesha kutwa pasiwe na mnunuzi, rejesho hukwama. Hapo afisa mikopo huja pamoja na wanakikundi waliomdhamini kwa saini zao, wakabeba godoro, televisheni na mtungi wa gesi, na jioni hiyo hiyo mwenye deni humkimbilia mkopeshaji wa pili ili apate cha kumlipa wa kwanza.

Wataalamu husema kuwa dawa ya maradhi haya ni elimu ya fedha, nao kwa neno hilo hukusudia kuweka akiba, kuandika mapato na matumizi, na kujiepusha na israfu. Ni shauri jema. Lakini nimeketi na akina mama hawa mara nyingi, wala sijamwona miongoni mwao aliyeshindwa na hesabu: anayenunua nyanya kwa tenga alfajiri na kuziuza kwa mafungu anajua faida ya kila fungu kabla jua halijachomoza, na kijumbe wa mchezo hushika kichwani zamu na michango ya watu wake wote pasipo daftari. Kilichowaponyoka ni kingine. Ni karatasi iliyojaa maneno ya kisheria, pengine ya Kiingereza, iliyotiwa saini pasipo kusomwa. Ni ahadi iliyopambwa hata tamaa ikaifunika akili. Ni haya ya kumwuliza swali kijana aliyevaa tai. Ni kutofahamu uzito wa dhamana mtu anapoiweka kwa ajili ya mwenzake. Kuyashinda hayo kunataka lugha, kunataka mantiki, kunataka ujuzi wa tabia za binadamu, na mambo hayo tangu kale yamefundishwa na fasihi, na tarehe za mataifa, na falsafa, yaani masomo yale yale tunayoyaita ya watoto walioshindwa.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, kisha akafundisha Pugu, alipokuwa Rais mwenye mashaka ya nchi changa mikononi mwake alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na ya pili kati ya hizo, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969. Mimi sijui kitabu cha mikopo kilichopata kuingia katika Kiswahili kikakishinda hicho. Antonio, tajiri ambaye mali yake yote iko baharini, amependa mno kumsaidia rafiki yake Bassanio, hivyo anakopa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu kutoka kwa Shylock, na badala ya riba anatia saini sharti la kukatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake iwapo siku itapita. Makosa ya Mbagala yote yamo humo: kutegemea mali ambayo haijafika bandarini, kumdhamini mtu kwa mapenzi badala ya tadbiri, na kukubali sharti la kutisha kwa kulidhania kuwa ni mzaha. Fauka ya hayo, mwandishi hakumfanya mkopeshaji kuwa jinamizi tupu, bali alimpa historia yake na machungu ya mtu aliyetemewa mate na kutukanwa kwa ajili ya dini yake, ili msomaji ajue kwamba anayekukopesha naye ana moyo, na moyo huo una nia ambayo lazima uipeleleze kabla hujapokea fedha zake. Tena wokovu haukuja kwa fedha, ijapokuwa fedha za kulipa deni mara kadhaa zililetwa mbele ya hakimu. Ulikuja kwa kuisoma hati neno kwa neno, ikaonekana kuwa nyama imetajwa na damu haikutajwa. Mwanafunzi aliyeisoma tamthilia hiyo vizuri, mwalimu wake akamwachia muda wa kuijadili, hatatia saini karatasi kwa pupa.

Wala si mikopo peke yake. Wakazi wa Mabibo wanaikumbuka DECI, ambayo hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 ilikuwa imekusanya fedha za watu wengi kwa ahadi kwamba anayepanda mbegu atavuna maradufu, na viongozi wake wakaja kutiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Waliopoteza hawakukosa kujua kujumlisha na kutoa. Walitekwa na lugha. Mbegu na mavuno ni maneno ya vitabu vitakatifu na ya mashamba ya wazee wetu, maneno yenye heshima yasiyozoea kutiliwa shaka, na yalipohamishwa kutoka udongoni hadi katika noti yakabeba imani yote ya kwao. Mtu aliyefundishwa kuchambua istiara angeuliza upesi: mbegu humea kwa udongo na mvua, je, noti hii imemea wapi, na nani aliyeitilia maji? Jawabu lilikuwa moja tu, kwamba mavuno ya aliyetangulia ni mbegu ya aliyemfuata, na siku wafuasi wangekoma shamba lingekauka.

Yamkini msomaji atasema kuwa kulinda watu na hadaa ni kazi ya Serikali, na mimi nakubali kwa sehemu. Lakini tukumbuke namna watawala wa kikoloni walivyoifanya kazi hiyo. Katika Tanganyika, sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji iliamuru kwamba asiye mwenyeji hawezi kumdai mwenyeji mahakamani ila kama mkopo uliidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Na Unguja, ambako wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa wamezama katika rehani, amri zilitungwa mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wadai. Ulikuwa ni ulinzi, lakini ulinzi wa kumgeuza mtu mzima kuwa mtoto, hata mwenye duka Mwafrika aliyetaka bidhaa kwa mkopo ili akuze biashara yake akaona mlango umefungwa mbele yake. Sheria zetu za leo zina insafu zaidi: ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji chini ya leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilizitangaza hadharani programu 69 za mikopo ya simuni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Ninazipongeza hatua hizo kwa moyo wote. Hata hivyo programu iliyofungwa yaweza kufunguliwa tena kwa jina jingine, na hapo mtu hana ngao isipokuwa aliyonayo kichwani.

Njia ya pili tulikuwa nayo. Julai 1961, miezi michache kabla ya uhuru, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni ng'ambo ya bandari, Kigamboni, katika upande ambao hadi miaka hii ya karibuni ulihesabiwa kuwa Temeke, na mfano wake ukachukuliwa katika Chuo cha Ruskin cha Oxford, kilichowekwa kwa ajili ya wafanyakazi. Waliokwenda kusoma huko walikuwa watu wazima wenye kazi zao, wengi wao wakiwa hawakupata shule ya kutosha utotoni, nao wakafundishwa uchumi, siasa na historia ili wafahamu dunia wanayoishi na namna ya kuitawala. Taifa maskini kabisa, lenye haja ya madaraja na zahanati, liliona kuwa mtu mzima kusoma historia si anasa. Chuo hicho kipo bado, na tangu 2005 kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Laiti madarasa ya jioni ya namna ile ya kwanza yangevuka maji yakarudi kwa wachuuzi wa Tandika.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nami siikwepi. Walimu wangapi, tena wa Historia na Kiswahili, wamekabidhi kadi zao za benki na namba za siri kwa wakopeshaji, mshahara ukiingia unachukuliwa na mwingine? Wanafunzi wangapi wa vyuo, bumu likiingia, hulimaliza kabla ya wiki ya tatu, kisha wakawa wa kuomba? Ni kweli tupu, na inaniuma. Inatokana na kusoma fasihi kwa ajili ya mtihani, ambapo kijana hukariri dhamira na wahusika, akapata alama, asidhani hata siku moja kwamba wahusika wale walikuwa wakimzungumzia yeye. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, Mwalimu aliyaona hayo, akataka wanafunzi wa shule zenye mashamba washiriki kuamua mapato yatumikeje, wafahamu kwamba fedha iliyokwisha kutumika huku haiwezi kutumika tena kule. Tukayabakiza majembe, na huo uamuzi wa fedha tukaunyamazia.

Mitaala mipya imeipa Elimu ya Biashara nafasi kubwa zaidi, nami nafurahi. Ninachoomba ni kwamba somo hilo lisiachwe likae peke yake. Katika mtihani wa Kiswahili mna sehemu ya ufahamu na ufupisho. Kuna kizuizi gani kifungu kimoja kisiwe mkataba wa mkopo, mwanafunzi akaulizwa nani amefungwa na sharti la tano, na ni neno gani lililoachwa makusudi? Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, mkopo wa laki moja una udhuru gani wa kuandikwa kwa Kiingereza? Pale Chang'ombe, katikati ya Temeke, tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chenye vijana wanaosomea ualimu wa lugha na historia. Wapewe, kama sehemu ya mazoezi yao ya kufundisha, jioni moja kwa juma katika ofisi za serikali za mitaa za Mbagala, Tandika na Yombo, wakae na vikundi vya akina mama, karatasi zao mezani, wazisome pamoja kifungu kwa kifungu kabla kalamu haijashikwa. Na chuo kiwape alama kwa kazi hiyo sawasawa na kipindi cha darasani.