Muhuri Wenu Umweleze Mnunuzi: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Majirani hunijia na swali moja: je, king'amuzi kilichoidhinishwa na ofisi yako kinastahili bei yake, au wachukue kile cha rahisi kisicho na jina kinachouzwa Luthuli Avenue? Jibu langu halijabadilika. Chukueni kilichoidhinishwa. Kimepimwa, kinapokea mawimbi ya DVB-T2 yanayotumika nchini, na kikiharibika kuna aliyekiingiza nchini anayeweza kuulizwa. Kile kingine, muuzaji akihama fremu, hakina mwenyewe.

Ninakuandikia kwa sababu ya swali linalofuata. Kilichoidhinishwa kipi, na kitawafaa kwa lipi? Hapo boksi halinisaidii, na muhuri wenu haunisaidii.

Wananchi hawakuomba kuhama kutoka analogi. Rais Kibaki alipozindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, walioitikia mapema walinunua ving'amuzi vya DVB-T. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2, na king'amuzi cha mfumo wa kwanza hakiwezi kusoma mawimbi ya mfumo wa pili hata uelekeze eriali wapi. Waliotii upesi ndio waliolazimika kununua tena. Kisha ikaja Februari 2015: mitambo ya analogi ikazimwa, na kwa karibu wiki tatu Citizen, NTV na KTN hazikuonekana hewani, huku kukiwa na mvutano kuhusu nani asambaze matangazo yao. Watu walisimama madukani wakiuliza ni king'amuzi gani kitakachorudisha taarifa ya saa moja, na kila muuzaji alikuwa na jibu lake.

Haraka ile tunaielewa. Mkataba wa Geneva wa 2006 kuhusu matangazo ya dijitali ulikuwa umeweka Juni 17, 2015 kuwa kikomo cha analogi. Lakini nani aligharamia? Masafa yaliyoachwa na televisheni yakawa mali ya thamani kubwa; Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa masafa ya megahezi 800 ambayo sasa yanabeba intaneti ya 4G. Intaneti hiyo naitumia na ninaishukuru. Hata hivyo masafa yale yaliachwa wazi kwa sababu mama muuza mboga wa Gikomba na mvuvi wa Mbita walitoa pesa mfukoni mwao wakanunua kifaa ambacho hawakukihitaji juzi. Kuelezwa wazi wanachonunua ni haki yao.

Tazama yanayotokea dukani. Mteja amenunua televisheni mpya bapa. Nyingi za siku hizi zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake. Anachohitaji ni eriali ya UHF tu na kutafuta stesheni kwa rimoti. Nimewaona watu wakiondoka na televisheni ya aina hiyo na king'amuzi juu yake, maelfu ya shilingi yamewatoka bure, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mwingine ameletewa na nduguye televisheni kutoka Marekani. Huyo anahitaji king'amuzi kweli, maana kipokezi kilichomo kimetengenezwa kwa mfumo wa ATSC ambao hapa hautumiki.

Kuna pia suala la malipo, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ving'amuzi viwili vinakaa rafu moja, vyote vimeidhinishwa, bei inakaribiana, pengine kile cha kulipia kila mwezi ndicho cha bei nafuu. Mteja mwenye kipato cha vibarua huchukua cha nafuu. Mwezi wa pili pesa hazipo. Stesheni zipi zitabaki? Swali hilo lilipaswa kujibiwa na maandishi ya boksi kabla hajafungua pochi, kwa herufi kubwa, pamoja na kama kifaa kimefungwa kwa kampuni moja au kinapokea matangazo yote yasiyolipiwa. Na kwa wale wanaotegemea sola, ambao vijijini ni wengi, waambiwe kama kinatumia volti 12 moja kwa moja. Kinachotumia stima pekee kitawadai inveta.

Sina shaka kwamba wahandisi wako hupima vifaa hivi. Lakini kipimo kinacholinda mitambo isiingiliwe na mawimbi mabaya hakimtoshi mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Ibara ya 7 inaitaja lugha yetu ya taifa. Sioni ugumu wa kuziunganisha ibara hizo mbili ubavuni mwa boksi la katoni.

Ombi langu, basi. Kabla ya kuidhinisha king'amuzi, mtakeni mwagizaji aandike kwa Kiswahili kama kina malipo ya mwezi, kitaonyesha nini malipo yakikatika, kinatumia umeme gani na dhamana yake ni ya muda gani. Televisheni zenye kipokezi cha DVB-T2 nazo zibandikwe kibandiko kisemacho hazihitaji king'amuzi kwa stesheni zisizolipiwa. Orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa ipatikane kwa ujumbe mfupi wa simu, ili mtu aliye dukani na simu ya kabambe isiyo na intaneti atume jina la kifaa na ajibiwe papo hapo. Mkianza na vifaa vitakavyoombewa idhini kuanzia sasa, hakuna mfanyabiashara atakayepata hasara kwa shehena iliyokwisha kuingia. Ile ya zamani itauzwa na kwisha yenyewe.

Wako mwaminifu,
Mtazamaji na mnunuzi, Nairobi