Katuni za Nyumbani
Vijana wa Nyamityobora, pamoja na ndugu zao Wakongo walioko katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wasidhani kwamba filamu ya katuni ni milki ya matajiri peke yao. Kwani Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Kongo, alitoa mwaka 1991 filamu fupi ya chura aliyekwenda kuwazuru wakweze, kisa alichokichota katika ngano za Watetela. Kazi yenyewe yataka subira kuliko mali: simu hufungwa imara juu ya kigoda, na kikaragosi cha karatasi ngumu, kilichoungwa viwiko kwa uzi, husogezwa kiasi cha unene wa ukucha, kikapigwa picha, kikasogezwa tena, hata zipatikane picha 12 kwa sekunde moja tu, yaani 1,440 kwa dakika mbili, nalo wingu likipita dirishani nuru hubadilika na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika, ndipo nikaona taa ni aula kuliko jua. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoasisiwa miaka ya 1990, hupokea filamu fupi za namna hii. Basi tengenezeni zenu, na msimulizi awe bibi yenu, kwa Kiswahili chake cha Kivu, wala msikisahihishe.