Mbao Tunazo, Viti Tunanunua

Ndugu mkulima wa Matamba, paina unazo shambani, kwa nini siku ya mnada unakalia debe? Tunapakia mbao kwenda Makambako, tunarudi na viti vya plastiki. Mguu ukipasuka unaushona kwa waya, ukipasuka tena unakitupa.

Usiniambie useremala ni kipaji. Stuli ya kukunja ni fremu mbili zinazopishana kama herufi X. Tumia mbao za inchi 1 kwa 2, miguu minne ya sentimita 55. Unganisha kila miguu miwili kwa kipande cha juu na cha chini. Fremu moja iwe nyembamba kidogo, iingie ndani ya nyingine. Toboa katikati ya kila mguu, pitisha bolti na washa. Juu pigilia turubai kuukuu lililokunjwa mara mbili. Hilo ndilo linalozuia miguu isiachane. Msumeno, keekee, nyundo, basi.

Kosa letu ni haraka. Mbao mbichi husinyaa, bolti hulegea, mguu hupinda, halafu tunalaumu paina. Mvua zikiisha mwezi Mei, zipange chini ya paa, juu ya matofali, ukizitenganisha kwa vijiti ili upepo upite. Usiziguse mpaka Agosti.

Nawe mfanyabiashara, ukiuza ubao umeuza mti tu. Ukiuza stuli, umeuza mti pamoja na kazi ya mikono. Anza na moja, uikalie mwenyewe kwanza.