Bora Clare, yeye alipewa tarehe

Najua nimewakimbia karibu wiki tatu na kuna watu wameshaanza kunitangaza nimeolewa huku. Sijaolewa! Niko nyumbani Mafia, hapa Kilindoni. Mazoezi ya kufundisha yameisha Ijumaa, na mtandao wa huku ukiupata asubuhi, mchana unakuaga. Leo umeshika, basi acha niseme la moyoni kabla sijapanda boti kurudi chuo.

Ni kuhusu kile kitabu. Wa hosteli mnakijua, The Time Traveler's Wife, cha Mmarekani anaitwa Audrey Niffenegger, kilitoka mwaka 2003. Nakala yetu haina hata jalada la nyuma. Mtalii aliiacha hotelini kule Utende, binamu yangu anayefanya kazi pale akanipa, nami nikaja nayo chuo. Toka hapo imezunguka vyumba sita na kila aliyeirudisha alikuwa na macho mekundu, anasingizia mafua.

Kwa ambao hamjakisoma (na naomba radhi, nitawaharibia mwisho): Henry ni mkutubi wa Chicago mwenye maradhi ya ajabu, mwili wake unaruka wakati. Hachagui aende lini wala arudi lini. Mara yupo, mara hayupo, nguo zimebaki chini, yeye kaangukia mwaka mwingine uchi kama alivyozaliwa. Clare anamuona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 6, kwenye uwanda wa nyasi karibu na kwao Michigan, na Henry huyo ana miaka 36, anatokea mbele kwenye ndoa yao. Wanapokuja kukutana kwa njia ya kawaida, mwaka 1991, Clare ana miaka 20 na anamjua huyu mwanaume karibu maisha yake yote. Henry ana 28 na hamjui kabisa. Fikiria hiyo!

Wenzangu wa fasihi wanatucheka, wanasema hivyo ni vitabu vya kupitishia usiku. Sishangai. Tumekulia kwenye Ngoswe ya Edwin Semzaba, na jina lake lote ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Kuanzia sekondari mapenzi tunayajibia mtihani kama kosa la karani wa sensa. Halafu tunafika chuo tunapewa Nagona ya Kezilahabi, mambo ya ajabu yamo na wakati umepinda vilevile, lakini mimi sijaona mtu ametoka nayo maktaba anafuta machozi. Siiponde, naipenda. Ila kichwa ndicho kiliniuma, moyo ulikaa palepale.

Na kitu kimoja nikiri kama mwalimu. Nimekaa na wasichana wa kidato cha pili muhula mzima, na zile sura za mtu mzima na mtoto wa miaka 6 wanaotunza siri sikuzisoma tena kwa raha kama mara ya kwanza. Mwandishi anajitahidi kumweka Henry katika adabu, lakini siri ni siri. Msichana wangu darasani akiniambia ana rafiki mtu mzima anayetokea vichakani, sitamwambia ni mapenzi ya kupita wakati. Nitaenda kwa mwalimu mkuu mbio.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Usiku ule chumbani mkaamua kwa kura kwamba kitabu kinafundisha mapenzi ya kweli ni kusubiri. Mkanitazama mimi, maana mnajua mtu wangu yuko Muscat mwaka wa pili huu, na mkasema, "Kuwa kama Clare." Nikanyamaza. Nilidhani sina jibu, kumbe jibu lilikuwa huku kwa bibi.

Bibi yangu hasomi kizungu. Jioni moja tunachambua mchicha nikamsimulia kitabu kizima, toka kule kwenye nyasi mpaka mwisho. Mtu kutoweka hakukumshtua hata kidogo. Aliniuliza, "Akitoweka matumizi anaacha?" Nikacheka, nikamwambia huyo Henry hata shati haachi mwilini, ila kwa pesa walikuwa vizuri. Akachambua kidogo, akauliza tena, "Na kurudi kwake, anamwambia siku?"

Nikamwambia ndiyo. Clare alipokuwa mtoto Henry alimpa orodha ya tarehe zote atakazotokea pale kwenye nyasi, mtoto akaziandika, na kila siku ikifika anaweka nguo na chakula anakaa kumngoja.

Bibi akasema, "Basi mke mwenzangu, huyo hakungoja. Huyo alikuwa na kalenda."

Jamani. Nilisoma kitabu kile mara mbili na sikuliona hilo.

Bibi anajua anachosema. Mume wake wa kwanza alikuwa mvuvi, mtu wa Jibondo. Walikwenda dago upande wa Songosongo, mashua moja, watu wanne, na hawakurudi. Hakuna ubao ulioelea wala mtu aliyeleta habari. Alikaa miaka mitano, si mjane wala si mke, mpaka shehe alipoivunja ile ndoa, ndipo akaolewa na babu yangu. Miaka yote ile, anasema, mashua ikishusha tanga yeye anahesabu vichwa. Hata leo tukienda gatini kununua samaki namuona midomo inacheza. Zamani nilidhani anasoma uradi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnipige mawe nikirudi. Uchawi wa kile kitabu haupo kwenye kutoweka. Watu wanatoweka kila siku, pwani hii hatuhitaji maradhi ya kuruka wakati. Bahari inachukua, na Uarabuni nako kunachukua. Uchawi ni ile orodha. Mwanaume anayeondoka na kukuachia tarehe za kweli, na tarehe ikifika kweli anatokea, hiyo ndiyo ndoto inayotushika koo wasichana wa vyumba sita.

Mnataka ushahidi? Tazameni tulilia wapi. Hatukulia kwenye zile sura za nyasi, pale tulikuwa tunatabasamu. Hata zile mimba za Clare zilizoharibika, tuliumia lakini tuliendelea kusoma. Tulilia mwisho. Henry anakufa na miaka 43, anaacha barua. Ndani yake anamsihi mkewe aache kumngoja, aishi maisha yake, na humohumo anamdokezea kwamba watakutana tena atakapokuwa mzee. Siku haitaji. Kwa mara ya kwanza Clare anakuwa kama bibi yangu, ana ahadi na hana tarehe, na tunamkuta kwenye kurasa za mwisho ana miaka 82, amekaa, anatazama mlango. Mimi hapo namlaumu Henry, samahani. Huwezi kumwambia mtu usiningoje halafu ukamwambia nitakuja. Chagua moja.

Kama mnataka kuona jambo hilohilo bila uchawi, kachukueni maktaba Desertion ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari wetu wa Nobeli ya 2021. Ilitoka mwaka 2005. Wengi wanamkumbuka mle Mzungu, Martin Pearce, anayeokotwa hoi kwenye mji mdogo wa pwani ya Kenya mwaka 1899 na kumpenda Rehana. Lakini kabla ya Mzungu, Rehana alikuwa na mume, Azad, mfanyabiashara wa Kihindi. Aliondoka na msimu wa pepo, arudi na msimu mwingine. Hakurudi. Unajua zamani huku pepo ndiyo ilikuwa kalenda: kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi inavirudisha. Mwanamke alikuwa anajua kabisa mwezi wa vyombo kuja. Ila upepo unaahidi vyombo, hauahidi mtu. Baadaye Pearce naye anaondoka, anamwacha Rehana na mimba. Kitabu kinavuka wakati hapohapo, bila mtu kuvua nguo: miaka ya mwisho ya ukoloni Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa yule Rehana, na wazazi wake, walimu wote wawili, wanamkatalia kwa sababu ya mambo ya bibi yake Jamila. Aliyeondoka kaondoka zamani, deni analipa mjukuu.

Mimi kitabu hiki sikukililia. Nilikiogopa. Nadhani tunakimbilia cha Niffenegger kwa sababu kinaturuhusu kulia kuhusu jambo letu tukiwa mbali nalo, kule Chicago, kwa mtu mwenye ugonjwa usiokuwepo. Cha Gurnah kinaita majina ya shangazi zetu.

Haya, na mimi je? Maana najua mshaanza kuuliza. Mtu wangu wa Muscat kila tukiongea anasema, "Nakuja, vumilia kidogo." Vumilia kidogo ya mwaka jana ni hiyohiyo ya mwaka huu. Simlaumu sana, najua mkataba wake ulivyo na tajiri wake alivyo. Lakini Jumamosi, baada ya mchicha, nilimwandikia maneno mawili tu: nipe tarehe.

Alikaa siku nzima. Jana usiku akajibu, "Mwaka huu huu, inshallah."

Nikamrudishia, "Mwezi gani?"

Mpaka naandika hapa hajajibu. Nafika chuo Jumatano Mungu akipenda, kitabu ninacho, aliyekuwa zamu baada yangu ajiandae. Bibi ananiita, samaki wa kukaanga wameiva na anataka nimshikie kapu.