Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Kwako Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: MAELEZO KWA MGONJWA MWENYE UVIMBE MAJI WA OVARI

Ndugu Mganga Mkuu,

Ombi langu nalitanguliza ili usilitafute katikati ya barua. Mwanamke anayekutwa na uvimbe maji kwenye ovari asitoke hospitalini bila nusu ukurasa wa Kiswahili unaomweleza uvimbe huo ni wa aina gani, una ukubwa gani, uko upande upi, arudi lini, na dalili zipi zikimtokea asisubiri tarehe hiyo.

Leo anatoka na nini? Amekunywa maji, amebana mkojo kwenye benchi hadi jina lake likaitwa, amepigwa utrasaundi, kisha amekabidhiwa karatasi ya Kiingereza yenye tarakimu za milimita. Daktari ana foleni hadi nje ya mlango, kwa hiyo maelezo huwa sentensi moja: una uvimbe, katumie dawa hizi. Mawazo ya mgonjwa yanakimbilia saratani na ugumba. Wiki haijaisha ameshanunua chupa ya "kusafisha kizazi" kwa mtu asiyejua ovari iko wapi.

Mtu huyo ana bahati ya ajabu: wateja wake wengi hupona. Kwa mwanamke anayepata hedhi, kila mwezi kifuko chenye yai hukua ndani ya ovari hadi kufikia kama sentimita 2, kisha hupasuka na kuachia yai. Pengine hakipasuki, kinaendelea kujaa maji. Pengine kimepasuka, kikajifunga tena na kujaa maji au damu. Huo ndio uvimbe maji wa kawaida, na mara nyingi hunywea wenyewe ndani ya miezi 2 au 3. Aliyekunywa mizizi hupona, asiyekunywa naye hupona, na sifa zote zinakwenda kwenye chupa. Tusimcheke muuzaji peke yake. Hospitalini nako huandikwa vidonge vya uzazi wa mpango ili "kuyeyusha" uvimbe, ilhali utafiti umeonyesha kuwa haviuondoi upesi kuliko kusubiri tu.

Anayeambiwa asubiri lazima ajue anasubiri nini. Wengi hawasikii chochote. Wengine husikia uzito chini ya kitovu, tumbo kujaa, maumivu ya upande mmoja, haja ndogo ya kila mara, au maumivu wakati wa tendo la ndoa. Kumwambia mama mwenye hayo kwamba hana kitu, eti kwa kuwa uvimbe ni mdogo, ni kumfukuza kistaarabu.

Upo pia usioisha kwa kusubiri. Uvimbe wa demoidi huwa na mafuta, nywele, pengine hata meno, kwa sababu huanzia kwenye chembe zenye uwezo wa kuotesha tishu za kila aina. Mgonjwa asipoelezwa mapema, siku nywele hizo zikitolewa ndugu wataanza kumtafuta mchawi. Ule wa endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, mara nyingi huandamana na hedhi yenye maumivu makali. Na kwa mama aliyekoma hedhi, uvimbe unastahili jicho kali zaidi, kwani hatari ya saratani huongezeka na umri.

Ila kilichonisukuma kuandika ni ovari kujisokota. Uvimbe ukiwa mkubwa, hasa ukizidi sentimita 5, ovari inaweza kujizungusha na kukata damu yake yenyewe. Maumivu huja ghafla, makali, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kutapika. Ikichelewa, ovari hufa. Dalili hizo hufanana na za kidole tumbo na za mimba iliyotunga nje ya kizazi, na zote tatu zinataka hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo, si panadoli ya duka la jirani. Lakini aliyeambiwa "ni uvimbe tu, kawaida" atajikunja kitandani hadi kukuche. Sisi ndio tuliomwambia ni kawaida.

Kuna na binti wa sekondari ambaye uvimbe umemkuza tumbo. Kabla hajaulizwa neno, mtaa umeshahesabu miezi. Nusu ukurasa huo ungemtetea mbele ya mama yake na mwalimu wake kuliko kiapo chochote.

Wizara yako inaijua kazi hii. Kliniki za wajawazito hufundisha dalili za hatari kwa Kiswahili, na akina mama huzishika. Ninachoomba hakihitaji mashine mpya: nafasi 4 za kujaza, mistari michache ya dalili za hatari, na namba 199 ya simu ya Wizara chini yake. Karatasi hiyo aijaze daktari aliyesoma majibu. Maneno yake yaandikwe pamoja na wauguzi, maana wao ndio wanaovutwa kando koridoni na kuulizwa, "Nesi, hapa wameandika nini?" Ianze katika hospitali za wilaya, na nakala ibaki kwenye faili ili atakayempokea mgonjwa usiku wa manane ajue uvimbe ulikuwa upande gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi, Morogoro